Agizo, Sharti na Kusudi: Falsafa Iliyomo katika Programu za Bloku

Programu ya kompyuta, hata iwe ndefu namna gani, huweza kujengwa kwa njia tatu tu: maagizo yanayofuatana, maagizo yanayotegemea sharti, na maagizo yanayorudiwa. Mwaka 1966 wataalamu wawili wa Italia, Corrado Böhm na Giuseppe Jacopini, walithibitisha kwamba njia hizo tatu zinatosha; hakuna hesabu iliyo ndani ya uwezo wa mashine itakayodai ya nne. Katika lugha za kufundishia wanaoanza, njia hizo huonekana kwa macho. Lugha ya Logo, iliyobuniwa Marekani mwaka 1967 na Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon, ilimwezesha mtoto kumwongoza kobe: kwanza roboti iliyotembea sakafuni, baadaye alama iliyochora mistari kwenye skrini. Papert, mzaliwa wa Pretoria aliyewahi kufanya kazi na Jean Piaget mjini Geneva, aliamini kwamba mtoto hujifunza jiometria vizuri zaidi anapojiweka katika nafasi ya kobe na kuutembea mstari kwa mwili wake. Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na kundi la Mitchel Resnick katika chuo cha MIT, ilirithi imani hiyo. Badala ya kuandika maneno, mtoto huburuta bloku za rangi na kuzipachika moja chini ya nyingine, na mhusika aliye kwenye skrini, kwa kawaida paka, hutenda kama alivyoagizwa.

Wepesi wa bloku hizo huficha suala ambalo wanafalsafa wamelishughulikia tangu kale. Paka wa Scratch hutekeleza kila agizo bila kuruka hata moja. Je, anayetekeleza agizo bila kukosea amelielewa? Ikiwa hajalielewa, ufahamu unakaa wapi: katika agizo lenyewe, kwa anayetii, au kwa anayeagiza?

Kauli na amri

Maumbo ya bloku za Scratch si mapambo. Bloku za amri, kama vile “nenda hatua 10” au “geuka digrii 15”, zina pengo juu na kijino chini ili zishikane katika safu. Bloku zenye pembe sita ni za namna nyingine kabisa: “inagusa ukingo?”, “alama ni zaidi ya 50”. Hizi haziagizi kitu. Kila moja hutoa jibu moja kati ya mawili, kweli au si kweli. Bloku ya pembe sita haiwezi kupachikwa katika safu ya amri, wala amri haiwezi kuingia mahali pa pembe sita. Anayejaribu huona kwamba vipande havishiki.

Mpaka huo uliwekwa na Aristotle katika karne ya 4 KK. Alisema kwamba si kila usemi wenye maana ni kauli. Dua, kwa mfano, ni usemi kamili, lakini haiwezi kusemwa kuwa ni ya kweli wala ya uongo. Amri iko upande huohuo wa dua. Anayeambiwa “geuka” anaweza kutii au kukaidi. Hawezi kujibu kwamba maneno hayo ni ya uongo. Hapo ndipo linapozuka tatizo. Mantiki ni elimu ya kupata kauli ya kweli kutokana na kauli nyingine za kweli. Kama amri haina ukweli wala uongo, inaingiaje katika mantiki? Mwishoni mwa miaka ya 1930 mwanafalsafa wa Denmark, Jørgen Jørgensen, alilieleza tatizo hilo kama njia panda. Kwa kanuni, amri haiwezi kuwa hitimisho la hoja. Lakini mtu yeyote mwenye akili timamu anaona kwamba aliyeagizwa kutimiza ahadi zake zote ameagizwa pia kutimiza ahadi hii moja.

Upande wa kauli una kanuni zilizo wazi. George Boole, mwanahisabati wa Uingereza, alionyesha katika vitabu vyake vya 1847 na 1854 kwamba maneno “na”, “au” na “si” yanaweza kushughulikiwa kwa aljebra kama namba zinavyojumlishwa na kuzidishwa. Bloku tatu za kijani za Scratch zenye maneno hayo ni aljebra ya Boole iliyopewa umbo. Kwa bloku hizo mtoto hugundua mwenyewe kwamba kukanusha “anakimbia na anaruka” si kusema kwamba hakimbii wala haruki. Inatosha moja kati ya hayo mawili likosekane.

Kinachounganisha pande hizo mbili ni bloku ya “kama… basi”. Juu yake kuna nafasi ya pembe sita inayopokea kauli, na ndani yake kuna mdomo unaopokea amri. Ndipo ukweli unapogeuzwa kuwa tendo. David Hume aliandika katika karne ya 18 kwamba kutokana na jinsi mambo yalivyo haiwezekani, kwa mantiki peke yake, kupata jinsi yanavyopaswa kuwa. Bloku hii inaidhihirisha hoja yake. “Paka anagusa ukingo” ni habari tu. Hakuna ndani yake kitu kinachodai paka ageuke, alie, au mchezo uishe. Amri inayofuata imewekwa pale na mtu aliyekuwa na kusudi. Mashine imepewa kiungo, haikupewa sababu ya kiungo.

Sharti na wakati

Wanaoanza hukosea sana kwenye bloku hiyohiyo, na kosa lao lina mafunzo. Mwanafunzi anataka paka alie kila anapofika ukingoni. Chini ya bloku ya kuanzia, ile ya bendera ya kijani, anaweka: kama inagusa ukingo, basi toa sauti. Anabofya bendera, anamsogeza paka hadi ukingoni, na hakuna sauti inayosikika. Programu haina hitilafu. Mashine iliuliza swali mara moja, mwanzoni kabisa, paka alipokuwa katikati ya jukwaa. Jibu likawa si kweli, amri ikarukwa, programu ikaisha. Ili swali liulizwe tena na tena, bloku ya sharti inapaswa kuwekwa ndani ya kitanzi cha “daima”.

Mwanafunzi huyo hakukosa mantiki; alizungumza kama watu wanavyozungumza. Mama anayemwambia bintiye, “Maji yakichemka, teremsha sufuria,” hajamwomba atupie jicho jikoni mara moja kisha aondoke. Ndani ya agizo hilo mna agizo jingine lisilotamkwa: kaa karibu, angalia. Binti analisikia kwa sababu anajua maji yanachemshwa kwa ajili gani. Mashine haijui, kwa hiyo kila kisichotamkwa kwake hakipo.

Sharti la wanamantiki nalo ni tofauti na hayo yote mawili. Kauli “kama umbo lina pembe tatu, basi lina pande tatu” haina saa. Haikuwa kweli jana ikangoja kuthibitishwa leo. Katika programu kila swali lina wakati wake wa kuulizwa, na jibu la sasa linaweza kuwa tofauti na la baada ya nukta moja. Ndiyo maana programu inaweza kuagiza kwamba alama ziwe sawa na alama zilizokuwapo kujumlisha moja, usemi ambao kama mlinganyo wa aljebra hauna jibu. Aljebra inataja uhusiano uliopo. Programu inaagiza badiliko kutoka hali moja hadi nyingine. Somo la kwanza la uprogramu, kwa hiyo, ni mantiki iliyoingizwa ndani ya wakati.

Mfuatano na sababu

Mambo yanayofuatana si lazima yasababishane. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilijadili hili katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, kwa mfano wa pamba na moto. Pamba ikiguswa na moto huungua, lakini, alisema, jicho linaona kuungua kukitokea pamoja na kugusana. Halioni moto ukisababisha kuungua huko. Kwake, anayeunguza ni Mwenyezi Mungu, na kile ambacho watu hukiita sababu ni desturi aliyoiweka, ambayo angeweza kuivunja kama angependa.

Jukwaa la Scratch, lenye upana wa nukta 480 na kimo cha nukta 360, ni ulimwengu mdogo ambamo maelezo ya al-Ghazali ni kweli neno kwa neno. Mpira uliochorwa hupita katikati ya ukuta uliochorwa, kwa kuwa ugumu haumo ndani ya ukuta. Kitu kikiachwa angani hakidondoki. Hakuna uzito ila uliowekwa kwa amri. Mpira ukidunda, haudundi kwa nguvu iliyo ndani yake bali kwa sababu mtunzi ameagiza kwamba ukigusana na ukuta ugeuke. Anayetazama bila kuziona bloku angedhani ukuta umeuzuia mpira.

Ibn Rushd, aliyemjibu al-Ghazali katika karne hiyo ya 12, alishika upande wa pili: akili kazi yake ni kuvijua vitu kwa sababu zake, na anayeziondoa sababu ameiondoa akili pamoja nazo. Kama kila kitu hutokea kwa amri isiyotokana na asili ya vitu, elimu inasimama juu ya nini? Jukwaa lilelile linatoa sehemu ya jibu. Mchezaji anajifunza tabia ya mpira na kuitegemea, ingawa mpira hauna asili yoyote, kwa sababu amri ni thabiti na hazibadiliki katikati ya mchezo. Al-Ghazali mwenyewe hakudai kwamba dunia haitabiriki. Aliitegemea desturi kama kila mtu. Walilobishania ni chimbuko la uthabiti huo, kama uko ndani ya vitu au kwa aliyeviamuru. Kwa jukwaa la Scratch jibu linajulikana, maana mtunzi yupo na bloku zake zinasomeka. Kwa ulimwengu mkubwa mjadala haumaliziki kwa njia hiyo, na mfano wa jukwaa haupaswi kuchukuliwa kama ushahidi.

Kutii bila kuelewa

Mwaka 1936 Alan Turing alieleza maana ya kuhesabu kwa kumfikiria mtu mwenye karatasi na orodha ya kanuni. Kila hatua inategemea mambo mawili tu: alama iliyo mbele yake na hali aliyomo. Hahitaji kujua hesabu hiyo ni ya nini. Nguvu ya maelezo yake ilikuwa hapohapo: kila kinachohitaji busara kilikuwa kimeondolewa, na hesabu ikabaki nzima. Kisicho na akili kingeweza kuifanya.

John Searle aliitumia hali hiyo mwaka 1980 kupinga wazo kwamba kompyuta inaweza kuelewa kwa sababu tu inaendesha programu inayofaa. Alimfikiria mtu asiyejua Kichina, amefungiwa chumbani na kitabu cha kanuni. Anapokea maandishi ya Kichina, anafuata kanuni, anatoa maandishi mengine, na walio nje wanayaona kuwa majibu sahihi ya maswali yao. Mtu huyo, alisema Searle, haelewi hata neno moja. Waliompinga walijibu kwamba ufahamu usitafutwe kwa mtu peke yake bali katika mfumo mzima: mtu, kitabu na chumba. Pande zote mbili, hata hivyo, zinakubaliana juu ya jambo moja, kwamba anayetekeleza hatua anaweza asijue anachokifanya.

Lewis Carroll alionyesha ugumu ulio upande wa agizo. Katika hadithi fupi aliyoichapisha mwaka 1895, Kobe anamwambia Akilesi kwamba anazikubali kauli mbili za mwanzo lakini haoni kwa nini alazimike kulikubali hitimisho. Akilesi anaongeza kauli ya tatu: ukizikubali hizo mbili, lazima ulikubali hitimisho. Kobe anaikubali hiyo pia, kisha anauliza kwa nini tatu hizo zimlazimishe. Inaongezwa ya nne, na mchezo hauna mwisho. Kanuni haiwezi kubeba ndani yake kanuni zote za jinsi ya kuitumia. Mahali fulani lazima kuwe na kutenda tu. Katika kompyuta mahali hapo ni umeme na saketi: agizo la mwisho halisomwi na mtu wala haliulizi sababu, linatokea.

Ludwig Wittgenstein alilirudisha suala hilo darasani. Katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1953, mwanafunzi anafundishwa kuongeza mbili kila mara. Anafanya vizuri hadi 1000, kisha anaandika 1004, 1008, 1012. Anapokosolewa anasema amefanya vilevile alivyokuwa akifanya. Mifano yote aliyopewa ilikuwa chini ya 1000, na inapatana na kanuni yake kama inavyopatana na ya mwalimu. Hakuna idadi ya hatua sahihi inayothibitisha kwamba anayezifuata ameshika kanuni iliyokusudiwa.

Kosa ni la nani

Kwa hoja hizo, utekelezaji sahihi si kipimo cha ufahamu. Kipimo kinachokaribia zaidi ni kosa. Mwanafunzi anataka kuchora pembetatu yenye pande sawa kwa bloku za kalamu. Anakumbuka kwamba kila pembe ya ndani ni digrii 60, anaagiza: rudia mara 3, nenda hatua 100, geuka digrii 60. Kinachotokea ni mstari ulio wazi, pande tatu za umbo la pembe sita, nusu yake kamili, na paka anaishia akitazama kinyume cha alikokuwa akitazama mwanzoni.

Kwa mashine hapana kosa lolote. Mistari mitatu, migeuko mitatu, kila mmoja kama ulivyoagizwa. Mchoro huohuo, kama mwanafunzi angetaka nusu ya pembe sita, ungekuwa kazi safi. Kosa halimo katika bloku wala katika mchoro. Limo katika umbali kati ya kilichoagizwa na kilichokusudiwa, na mwenye kujua kilichokusudiwa ni mmoja tu. Mashine haikosei kwa sababu ileile inayoifanya isielewe: haina kusudi la kulikosa.

Kulipata kosa kunadai ufahamu ambao kuandika maagizo hakukuudai. Mwanafunzi afuate ushauri wa Papert, autembee mstari. Akifika kwenye pembe ataona kwamba mwili hauzunguki kwa pembe ya ndani bali kwa pembe ya nje, yaani digrii 180 kutoa 60, ambazo ni 120. Akiendelea mbele ataona kwamba anayezunguka umbo lolote la namna hiyo na kurudi alikoanzia, akitazama alikokuwa akitazama, amegeuka digrii 360 kwa jumla. Sasa anajua kwa nini ni 120, na kwa nini mraba unataka 90.

Mpangilio na nia

Swali la kama hatua sahihi zinatosha peke yake, fiqhi ya Kiislamu imelipima kwa njia yake, katika mlango wa udhu. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki huyafuata, fardhi za udhu ni sita: nia, kuosha uso, kuosha mikono pamoja na viwiko, kupaka maji sehemu ya kichwa, kuosha miguu pamoja na vifundo, na kufuata mpangilio huo. Katika madhehebu ya Hanafi fardhi ni nne, vile viungo peke yake; nia na mpangilio ni sunna. Kwa Hanafi, aliyeangukia mtoni na maji yakafika penye kufikiwa ana udhu hata bila kuukusudia, kwa kuwa udhu ni njia ya kuifikia swala na maji husafisha kwa asili yake. Kwa Shafii udhu wenyewe ni ibada, na viungo vilivyolowa bila nia vimelowa tu.

Tofauti hiyo ni ileile kati ya kutazama matokeo na kumtazama mtendaji. Programu iko upande wa matokeo kabisa: hatua zikifanyika kama zilivyopangwa, kazi imekwisha, na hakuna anayeuliza kilichokuwa moyoni. Lakini madhehebu yote mawili yanaidai nia katika swala yenyewe. Msururu wa kusimama, kurukuu na kusujudu, ukifanywa bila nia, ni mazoezi ya mwili. Mafaqihi, kwa hiyo, walikubali kwamba yapo matendo ambayo hatua zake, hata ziwe kamili namna gani, hazitoshi kuyafanya yawe yalivyo.

Kujifunza ni tendo la aina hiyo. Mwanafunzi anayenakili bloku kutoka kwenye kitabu cha mwongozo, hatua kwa hatua, hadi pembetatu ikatokea, yuko mahali pa mtu wa Searle: matokeo ni sahihi na hakuna aliyejua kwa nini. Tofauti yake na mashine ni kwamba yeye anaweza kutoka chumbani. Akipewa umbo la pande tano ambalo mwongozo haukulitaja, aliyeelewa atagawa 360 kwa 5 na kuagiza 72; aliyenakili atasubiri mwongozo mwingine.

Hata hapo kipimo hakijakamilika, kama Wittgenstein alivyotahadharisha. Nyota yenye ncha tano, inayochorwa bila kuinua kalamu, ina pande tano pia, lakini kila pembe yake inataka mgeuko wa digrii 144. Tano mara 144 ni 720, si 360. Anayeishika kanuni ya 360 kama agizo atasema nyota hiyo haiwezekani au mashine imekosea. Anayejua kanuni hiyo ilitoka wapi atafuata njia ya kalamu, aone kwamba inazunguka mara mbili kabla ya kurudi ilikoanzia, na aipanue kanuni: jumla ya migeuko ni 360 kwa kila mzunguko mzima. Mashine itachora nyota na pembetatu kwa utiifu uleule. Mahali ambapo kanuni inaacha kufaa hapaonekani ndani ya kanuni; hupaona yule anayejua ilikusudiwa nini.